Nani atashika zamu zako? Hesabu ya masomo kwa muuguzi aliye kazini

Muuguzi akimwambia inchaji wake, yaani mkuu wa wodi, "nataka kwenda shule", inchaji anaona tundu kwenye rota, ile ratiba ya zamu. Katibu wa afya anaona fedha ambazo hazikutengwa. Afisa utumishi anawaza ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Mwenyewe alikuwa na digrii tu kichwani, na pengine nafuu ya mshahara. Wote wanne wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hajauliza, na ndiyo maana maombi mengi ya masomo katika hospitali na vituo vya afya hufia mezani bila mtu yeyote kutamka "hapana".

Jibu la maombi hayo karibu kila mara limo kwenye rota. Ikijulikana nani atashika zamu za anayeondoka, na kwa fedha ya fungu gani, mengine yanaandikika. Isipojulikana, hata barua nzuri kupita zote itarudi na maneno mawili pembeni: "subiri kwanza".

Neno moja, mambo matatu

"Shule" ya muuguzi ina sura tatu, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni mafunzo endelevu ya kulinda leseni. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, linamtaka muuguzi anayehuisha leseni aonyeshe kwamba hajaacha kujifunza. Ushahidi huo huhesabiwa kwa pointi, zile ambazo wodini huitwa pointi za CPD. Hapa hakuna ruhusa ndefu wala ada kubwa. Kinachokosekana ni saa ya kujifunza, na mtu wa kutunza kumbukumbu. Muuguzi anahudhuria vipindi mwaka mzima bila kusaini daftari, kisha leseni ikikaribia kwisha muda anaanza kuwasaka waliomfundisha, nao walishahamia Geita.

Ya pili ni ujuzi mahususi, wa wiki au miezi kadhaa: kumhudumia mtoto njiti, kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, kazi ya chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi. Hapa mhitaji mkuu ni mwajiri. Kituo kinachofungua chumba cha upasuaji bila kumfundisha muuguzi wa kukiendesha kimenunua taa na meza. Kwa hiyo nauli, ada na posho za mafunzo ya aina hii ni za mwajiri, na muuguzi anayeambiwa ajilipie ana haki ya kuuliza ni nani anayemfanyia mwenzake hisani.

Ya tatu ni kupanda ngazi: kutoka cheti (ngazi ya 5 ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi) kwenda diploma (ngazi ya 6), au kutoka diploma kwenda shahada. Katika utumishi wa umma ngazi hizo ndizo zinazotenganisha Muuguzi, Afisa Muuguzi Msaidizi na Afisa Muuguzi. Kwa mtu wa Mwanza, vyuo vya kati vipo Sengerema na Sumve, na shahada ya uuguzi hufundishwa kwa miaka 4 CUHAS, chuo kikuu cha afya, pale kilima cha Bugando.

Kabla ya kumwambia inchaji chochote kuhusu shahada, fungua kwanza bahasha ya vyeti. Mwenye diploma huhitaji GPA isiyopungua 3.0, na vyuo huangalia pia matokeo ya kidato cha nne katika Biolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza. Hisabati ndiyo inayowashtua wengi: mtu ana miaka tisa kazini na diploma safi, kumbe cheti cha zamani kina F moja iliyokaa kimya. Dawa yake ni kurudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. F hiyo ikigunduliwa Julai, wakati dirisha la udahili limeshafunguliwa, inakula mwaka mzima.

Rota haidanganyi

Chukua wodi ya kawaida inayotaka wauguzi 3 asubuhi, 2 mchana na 2 usiku. Hizo ni zamu 7 kwa siku, 49 kwa wiki, 2,548 kwa wiki 52 za mwaka. Muuguzi mmoja anafanya wastani wa zamu 5 kwa wiki. Mtolee wiki 4 za likizo ya mwaka, kisha wiki 2 nyingine za sikukuu na siku chache za ugonjwa; zinabaki wiki 46, yaani zamu 230. Gawanya 2,548 kwa 230 utapata 11 na chenji kidogo. Wodi yenye wauguzi 11 inatoa zamu 2,530. Bado hajaondoka mtu, na tayari zimepungua 18.

Sasa mmoja aende masomoni. Waliobaki 10 wanatoa zamu 2,300, pengo ni zamu 248 kwa mwaka, karibu 5 kila wiki. Zamu moja ikiwa ya saa 8, pengo hilo ni saa 1,984; likigawanywa kwa watu 10 ni kama saa 198 kwa kila mmoja, au saa 15 hivi kwa kila wiki 4. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki 4. Kwa hiyo mmoja akiondoka, mzigo unabebeka kisheria, mradi saa hizo zilipwe na zisibatizwe jina la "kujitolea".

Wakiondoka wawili kwa pamoja, waliobaki 9 wanapungukiwa zamu 478, zaidi ya 9 kwa wiki, na kila mmoja anaongezewa kama saa 33 katika kila wiki 4. Kwenye karatasi bado ni chini ya 50. Wodini, mmoja akienda likizo ya uzazi ya siku 84 na mwingine akishikwa na malaria, hesabu inavunjika, na anayelipa ni mama aliyelala kitanda cha mwisho ambaye presha yake haikupimwa tangu saa mbili usiku.

Inchaji mwenye hesabu hii mkononi anaweza kusema jambo la maana: "Mmoja kwa mwaka ndiyo, wawili hapana, na huyo mmoja nahitaji fedha za zamu 248." Sentensi hiyo inaingia kwenye bajeti. "Tuna upungufu wa watumishi" haiingii, kwa sababu kila kituo nchini kinaisema.

Pengo lenyewe huzibwa kwa njia zinazojulikana: posho ya zamu za ziada kwa waliopo, muuguzi wa kuazima kutoka kituo jirani, au muuguzi wa mkataba anayelipwa kwa mapato ya ndani ya kituo baada ya kamati ya usimamizi kuridhia. Anayeletwa kwa mkataba lazima awe na leseni hai. Kumweka mhudumu wa afya au mwanafunzi kwenye nafasi ya muuguzi ni kuficha pengo, si kuliziba, na likitokea la kutokea, inchaji ndiye atakayeulizwa.

Zahanati za visiwani zina hesabu nyingine kabisa. Kwenye kisiwa kidogo cha wilaya ya Ukerewe au halmashauri ya Buchosa chenye wauguzi wawili, kuondoka kwa mmoja ni kufunga huduma ya usiku. Hapo utaratibu unageuzwa: mbadala anafika kwanza kwa boti, anakabidhiwa, ndipo wa masomo anaondoka. Halmashauri inayotoa ruhusa kwa ahadi ya "tutaleta mtu" inamwachia yule aliyebaki uzazi wote wa kisiwa.

Mafunzo yasiyoacha tundu

Kama kila anayeondoka anaacha tundu, basi mafunzo mengi kadiri inavyowezekana yafanyikie palepale wodini. Hii si kujibanabana kwa sababu ya umaskini. Katika mambo ya mikono, ndiyo njia inayofanya kazi zaidi, na ushahidi wake mzuri ni wa hapahapa Tanzania.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliwafundisha wahudumu wa chumba cha uzazi namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwanza yalikuwa mafunzo ya siku moja, mwaka 2010. Kwenye mwanasesere watu walifanya vizuri hata miezi kadhaa baadaye, ila mbele ya mtoto halisi utendaji haukubadilika. Mwaka 2011 hospitali ikageuza mtindo: zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki palepale chumba cha uzazi, na kipindi cha dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Mbinu ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ilipelekwa baadaye kwenye vituo 30 vya mikoa 5, Mwanza ikiwemo, chini ya mradi wa Safer Births.

Sababu haihitaji darubini. Semina ya hotelini hufundisha akili. Lakini saa tisa usiku, mtoto akitoka kimya, anayefanya kazi ni mkono, na mkono husahau kwa wiki chache. Unajua unatakiwa kuanza kumpulizia hewa ndani ya dakika ya kwanza, kama pumzi 40 kwa dakika. Ila barakoa imekaa vibaya, hewa inatorokea shavuni, kifua hakipandi, na unaendelea kuminya mfuko huku ukihesabu kwa sauti. Kosa hilo halisahihishwi kwa slaidi. Linasahihishwa na mwenzako anayekuambia "kidevu, kidevu", Jumanne baada ya Jumanne.

Wodi inayotaka kuanza inahitaji vitu vichache. Kwanza mwanasesere, au angalau mfuko wa kupulizia hewa uliotengwa kwa mazoezi, maana mkiutumia ule wa mtoto halisi siku moja mtaukuta mezani badala ya mahali pake. Pili mtu mmoja mwenye jukumu. Asiwe inchaji, kwa sababu inchaji huitwa vikaoni. Muuguzi wa kawaida anayependa kufundisha anafaa zaidi, naye apangiwe walau saa 2 za kazi hiyo ndani ya rota, ziandikwe kabisa. Tatu ni wakati. Saa ya kupishana, zamu ya asubuhi ikiwa haijaondoka na ya mchana imeshaingia, ndiyo pekee yenye watu wa kutosha. Asubuhi baada ya ripoti ni wakati mbaya kwa waliotoka usiku. Sheria inataka saa 12 za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na mtu aliyekesha hata akikaa darasani haoni kitu. Muuguzi wa usiku afundishwe usiku, saa nne au saa tano, kabla wodi haijachangamka.

Mada ziwe finyu kiasi cha kumalizika kwa dakika 10. Usiandike "kifafa cha mimba". Andika: "kutayarisha dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti". Dawa ya asilimia 50 ina gramu 1 katika mililita 2, hivyo gramu 4 za kwenye mshipa ni mililita 8. Unaongeza mililita 12 za maji ya sindano kupata mililita 20 za asilimia 20, na kuisukuma taratibu kwa dakika zisizopungua 5. Kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Kila muuguzi aifanye kwa mikono, na maji badala ya dawa, hadi asihitaji kuangalia maelekezo ya ukutani. Wiki inayofuata: oksitosini uniti 10 ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa, pamoja na kwenda kuangalia kama friji inayoitunza kweli iko kati ya nyuzi 2 na 8. Kufundisha dawa bila kuangalia friji yake ni nusu ya somo.

Halafu daftari. Safu zake ni tarehe, mada, saa ya kuanza na kumaliza, jina la mfundishaji, majina na sahihi za waliohudhuria, na sahihi ya muuguzi mfawidhi. Bila safu hizo somo limefanyika lakini kwa leseni halipo. Mwulize muuguzi mfawidhi mapema kama vipindi vya kituo chenu vimekwisha kutambuliwa na Baraza. Kugundua mwishoni kwamba vipindi 20 havihesabiki huua ari ya wodi nzima.

Kuna uharibifu mmoja ambao karibu kila kituo hufanya. Muuguzi anapelekwa hospitali ya Bugando wiki kadhaa kujifunza kuhudumia watoto njiti, anarudi, na baada ya miezi miwili mzunguko wa kawaida unampeleka wagonjwa wa nje. Anayeingia chumba cha njiti hajawahi kushika mrija wa kulishia mtoto wa kilo moja. Mwajiri amelipa, mgonjwa hajafaidi. Rota ya mzunguko iwe na alama mbele ya jina la kila aliyesomea ujuzi mahususi, naye asihamishwe kwa muda uliokubaliwa, mwaka mmoja au miwili, hadi awe amemfundisha wa pili. Vivyo hivyo semina: orodha ya nani alikwenda wapi ibandikwe ukutani. Majina matatu yaleyale yakijirudia kila safari yenye posho, ukuta utasema kabla ya mtu.

Kalenda inayowaponza waombaji

Kwa masomo marefu, kosa kubwa ni la tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni, na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Vyuo vikuu hufungua madirisha ya udahili karibu na Julai, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Muuguzi anayesubiri apate kwanza nafasi ya chuo ndipo aandike barua, anaiwasilisha Septemba kwa halmashauri iliyokwisha kufunga hesabu zake. Hata mkurugenzi mwenye moyo mweupe hana fungu.

Kwa hiyo anza mwaka mmoja nyuma. Ukitaka kuingia darasani Oktoba ya mwaka ujao, Oktoba hii jina lako linatakiwa kuwa kwenye mpango wa mafunzo wa kituo, ambao ndio unaokwenda kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri na kwenye orodha ya mafunzo ya mwajiri. Utumishi wa umma kwa kawaida haumpi masomo marefu ambaye hajathibitishwa kazini, na kipindi cha majaribio ni miezi 12. Aliyeajiriwa juzi asipoteze wino. Hakikisha pia malengo yako kwenye mfumo wa tathmini, PEPMIS, yamejazwa na kupitishwa. Mtumishi ambaye tathmini yake ina mashimo anampa afisa utumishi sababu rahisi ya kukataa, na ni sababu halali.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, ipitie kwa inchaji, muuguzi mfawidhi na mganga mfawidhi kabla ya kufika kwa mkurugenzi wa halmashauri, au kwa mkuu wa taasisi kama ni hospitali ya mashirika ya dini. Itaje kozi, chuo, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani atalipa ada, na aya moja ambayo wengi huisahau: zamu zako zitashikwa vipi. Aya hiyo iandike pamoja na inchaji. Inchaji akisaini barua yenye hesabu yake mwenyewe, hawezi kugeuka baadaye kuwa kikwazo. Baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi na tarehe. Barua isiyo na mhuri wa mapokezi haijawahi kuandikwa, hata kama karani anakukumbuka kwa jina.

Jambo la kuepuka kuliko yote ni kuondoka kwa ruhusa ya mdomo. "Nenda tu, tutalimaliza" ni maneno ya mtu anayeweza kuhamishwa kesho. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, serikalini na hata sekta binafsi, na mshahara ulioingia ukiwa darasani utadaiwa kama fedha iliyolipwa kwa utoro. Wapo wanaofika mwaka wa pili wakidhani kimya cha ofisi ni kibali.

Fedha, na karatasi ya kurudi

Msaada wa mwajiri haupimwi kwa ada peke yake. Kwa muuguzi wa masomo marefu, kuendelea kulipwa mshahara akiwa chuoni ndiyo sehemu nzito, kwa sababu ndio unaolipa kodi ya nyumba Igoma na kulisha watoto. Ruhusa yenye malipo na ruhusa bila malipo ni vitu viwili tofauti kabisa. Soma neno hilo kwenye barua kabla ya kushangilia. Aliyesoma diploma au shahada ya awali kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akumbuke kwamba makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanaendelea vilevile akiwa masomoni.

Ufadhili wa nje upo: Wizara ya Afya hutangaza nafasi za masomo ya ubobezi, na mashirika ya dini hulipia watumishi wao. Ukifadhiliwa na mwajiri binafsi au wa dini utawekewa mkataba wa kurudi kazini. Hakuna ubaya ndani yake, ila usomwe kwa kalamu mkononi. Tazama kwanza muda: kulipiwa ada ya mwaka mmoja na kufungwa miaka mitano ni biashara mbovu. Kisha tazama kama deni linapungua kadiri unavyotumikia. Kwa mfano, ada yote ikiwa shilingi 6,000,000 na kifungo miaka 3, aliyetumikia miaka 2 adaiwe theluthi iliyobaki, yaani 2,000,000. Mkataba unaodai 6,000,000 zote hata zikibaki wiki mbili umeandikwa kwa hasira. Mwisho, tafuta kifungu cha yasiyo na hiari: ukifukuzwa kwa kupunguzwa wafanyakazi, ukiugua, au mwajiri akikosa nafasi ya ngazi yako mpya, nani anamdai nani? Kama karatasi iko kimya, omba iseme kabla hujasaini. Na mwajiri akitaka kukata deni kwenye mshahara, anahitaji ridhaa yako ya maandishi.

Kusoma huku unafanya kazi

Wengi huona njia ya katikati: darasani mchana, wodini usiku. Kwa kozi fupi za mtandaoni inawezekana, na kituo kinaweza kusaidia kwa mambo madogo yenye uzito, kama bando la intaneti, chumba kimoja chenye umeme wa uhakika, na saa 3 za wiki zilizoandikwa kwenye rota kama kazi. Hilo la bando ni muhimu kuliko linavyoonekana kwa muuguzi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambako kwenda na kurudi Mwanza kwa meli kwa kikao cha nusu siku kunameza siku mbili. Muuguzi wa Sengerema amepata nafuu tangu Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lifunguliwe Juni 2025. Hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko, wala mwajiri wake hana sababu ya kumlipia kulala Mwanza kwa mafunzo ya siku moja.

Shahada ya kutwa ni jambo lingine. Ina vipindi vya siku tano za wiki na mazoezi ya vitendo ambayo hayakwepeki, kwa sababu saa za vitendo ni sharti la kufuzu. Ukijumlisha na saa 45 za ajira, zinabaki saa chache za kulala ambazo hakuna mwili unaozikubali kwa miaka minne. Anayejaribu hupoteza kimoja kati ya vitatu: GPA, ndoa, au mgonjwa. Nafuu iliyopo kwa wasiopata ruhusa kamili ni makubaliano ya maandishi ya kupunguziwa zamu, nusu ya kazi kwa nusu ya mshahara, kama mwajiri ni binafsi na yuko tayari. Kubadilishana zamu na wenzako kwa mazoea, bila karatasi, huendelea vizuri hadi siku ambayo jina kwenye rota si la mtu aliyekuwepo dawa ilipokosewa.

Angalia pia unachosoma. Shahada ya utawala au ya afya ya jamii ni elimu nzuri, lakini haimfanyi mtu kuwa Afisa Muuguzi. Anayetaka kubadilishiwa kada asome kozi ya uuguzi inayotambuliwa na Baraza pamoja na TCU (tume ya vyuo vikuu) au NACTVET, na athibitishe hilo kabla ya kulipa, si baada ya mahafali.

Siku ya kurudi

Aliyemaliza shahada akarudi kituoni hawi Afisa Muuguzi siku hiyo. Kuna hatua, na zinafuatana. Anaripoti kwa barua, siku iliyoandikwa kwenye ruhusa, maana kuchelewa wiki moja kusubiri cheti kunahesabika kama utoro uleule. Anapeleka matokeo Baraza la Uuguzi na Ukunga ili usajili na leseni vionyeshe ngazi mpya. Anaomba kubadilishiwa kada, akiambatisha barua ya ruhusa ya masomo. Asiyekuwa nayo ndipo anapokwama, hata kama cheti chake ni halisi. Kisha anangoja nafasi kwenye ikama.

Kungoja huko ndiko kunakovunja watu moyo, na chanzo chake kwa kawaida ni bajeti. Nafasi ya Afisa Muuguzi haitokei kwa sababu mtu amesoma, inatengwa. Kwa hiyo muuguzi aliyeko mwaka wa mwisho aandike barua kwa afisa utumishi kabla bajeti ya mwaka wa kumaliza kwake haijaandaliwa, akikumbusha tarehe ya kurudi na kuomba nafasi iingizwe. Anayemaliza Julai au Agosti aiandike Oktoba au Novemba iliyotangulia, na inchaji amfuatilie mwenzake huyo kama alivyofuatilia zile zamu 248, kwa sababu wodi iliyobeba pengo la miaka minne inastahili kumpata mtu wake akiwa kwenye ngazi aliyoisomea, kabla hospitali nyingine haijampigia simu.